Jicho la kijana na mwanga wa leza



Baba mmoja wa jamaa, ambaye jina lake na la mji wake twayaficha kama alivyotuomba, ametuandikia barua ya kurasa nne. Shemeji yake, yaani kaka wa mkewe, akaa Ubelgiji tangu miaka mingi, na kazi yake ni njema. Huyo shemeji amemwita mtoto wa kwanza wa nyumba, kijana wa miaka 17, aende kwake wakati wa likizo kubwa ili atengenezwe macho kwa leza na kuiacha miwani. Gharama zote zi juu ya mjomba. Kijana amefurahi hata usingizi umempotea. Baba naye amefurahi, lakini moyo wake una shaka. Tena mkewe aliposikia habari hii alisema, «Kama ni hivyo na mimi niende, macho yangu yamechoka.» Na mzee wa nyumba, babu wa miaka 70, ameomba asisahauliwe, kwa kuwa ukungu umemfunika macho. Basi baba atuuliza maneno mawili: Ni nani kati ya watu hawa watatu anayefaa? Na je, si vibaya kuikataa bahati ambayo pengine haitarudi tena?

Twamshukuru baba huyu, kwa maana ndani ya bahasha ametia pia nakala za karatasi tatu za fundi wa miwani, ambazo wazazi wengi huzitupa siku ile ile ya kuzipokea. Bila karatasi hizo tungalijibu kwa maneno matupu.

Kwanza yafaa tujue leza hufanya nini. Watu wengi hudhani kwamba huponya jicho, kama vile dawa iponyavyo malaria. Sivyo. Jicho ni kama chumba kidogo chenye dirisha mbele na ukuta nyuma. Dirisha ni kile kioo safi cha mbele ambacho waganga hukiita konea. Ukuta wa nyuma ni retina, nayo ndiyo ipokeayo sura ya vitu. Nuru ipitapo dirishani hukunjwa ili ikutane mahali pamoja juu ya ukuta ule. Kwa mtu asiyeona mbali, mara nyingi chumba kimekuwa kirefu mno: nuru hukutana kabla ya kufika ukutani, na sura ya kitu huwa na ukungu. Mtoto anapozaliwa, jicho lake lina urefu wa milimita 17 hivi. La mtu mzima lina milimita 24 hivi. Milimita moja tu ikizidi, mtu huhitaji miwani ya nguvu ya dioptri 2 na nusu au karibu. Dioptri ndicho kipimo anachokiandika fundi katika karatasi, pamoja na alama ya kutoa mbele yake kwa wale wasioona mbali.

Sasa, leza haikifupishi chumba. Hulichonga dirisha tu, likawa bapa zaidi, ili nuru isogee nyuma na kukutana mahali pake. Chumba chabaki na urefu wake ule ule. Msomaji ashike neno hili moja, maana karibu yote tutakayoyasema yatoka humo: kama chumba kingali kikirefuka, fundi amelichonga dirisha kwa kipimo cha nyumba ambayo haijaisha kujengwa.

Ufundi wenyewe ni wa ajabu, wala hatutaki kuudharau. Mwaka 1981, katika maabara ya kampuni ya IBM huko Yorktown Heights, Marekani, wataalamu watatu, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, walikuwa na leza ya namna mpya ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho. Srinivasan alileta mabaki ya nyama ya bata mzinga aliyoyala na jamaa yake katika sikukuu ya Shukrani. Wakaipiga nyama ile kwa mwanga, wakaona kwamba umekata mfereji safi pasipo kuunguza kando zake. Mwaka 1983 mganga wa macho Stephen Trokel wa New York alionyesha kwamba mwanga ule ule waweza kuichonga konea. Huko kisiwani Krete, karibu na mwaka 1990, mganga Ioannis Pallikaris alianzisha njia ya kukata kwanza utando mwembamba juu ya konea na kuufunua kama mlango, kuchonga chini yake, kisha kuurudisha. Na mwaka 1995 serikali ya Marekani iliruhusu leza hizo zitumike kwa watu wasioona mbali. Pigo moja la mwanga huondoa kama robo ya mikroni, na unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa hiyo kazi ni ya vipimo vidogo kupita fikira. Mtu hulala, hutiwa matone ya ganzi, hukazia macho taa ndogo, na leza humaliza jicho moja kwa muda ambao mara nyingi haufiki dakika moja.

Dakika hiyo moja ndiyo iwadanganyayo watu. Kwa kuwa kazi ni fupi, hudhani ni jambo jepesi kama kunyoa nywele. Lakini nywele huota tena. Konea iliyochongwa haioti.

Twaja kwa kijana. Karatasi zake zasema hivi: alipokuwa na miaka 15, dioptri 2 na nusu, miaka 16, dioptri 3 na nusu, miaka 17, dioptri 4 na robo. Jicho lake latembea. Desturi ya waganga ni kutaka kipimo kisibadilike kwa zaidi ya nusu dioptri katika muda wa mwaka mzima kabla ya kukubali kuchonga. La kijana huyu limebadilika kwa dioptri moja, kisha kwa robo tatu. Huko Marekani leza hazikuruhusiwa kutumika kwa mtu wa chini ya miaka 18, na baadhi ya mashine na njia zimewekewa umri wa juu zaidi, miaka 21 au 22. Lakini mtu asidhani kwamba siku ya kutimiza miaka 18 mlango wafunguka wenyewe. Hesabu ya cheti cha kuzaliwa ni kizingiti tu. Hesabu ya jicho ni nyingine. Katika uchunguzi mmoja mkubwa, Wamarekani walifuata macho ya watoto 469 wasioona mbali, wakiwapima miaka mingi tangu 1997. Walikuta kwamba kwenye umri wa miaka 15 karibu nusu yao macho yalikuwa yamesimama. Kwenye 18, robo tatu. Kwenye 21, watu tisa katika kumi. Na kwenye 24, karibu wote. Basi kati ya vijana wanne wa miaka 18, mmoja angali akitembea. Hakuna awezaye kumtambua kwa kumtazama uso au kwa kuona ndevu zake. Karatasi za miwani peke yake zaweza kumtambulisha.

Tuseme kijana amechongwa sasa kwa dioptri 4 na robo, na jicho likaendelea mpaka lingefika 6. Baada ya miaka michache atavaa tena miwani, ya karibu dioptri 2, na shuleni wenziwe watamwuliza ile safari ilikuwa ya nini. Atataka achongwe mara ya pili. Hapo lazima tuhesabu unene. Konea ya watu wengi ina mikroni 540 hivi katikati. Kwa watu wa asili ya Afrika mara nyingi imepimwa kuwa nyembamba kidogo. Ule mlango wa juu hula kama mikroni 110. Leza hula kama mikroni 12 kwa kila dioptri. Na chini yake waganga hutaka zibaki mikroni 250 angalau, wengi hutaka zaidi, ili jicho lisilegee. Mwenye mikroni 540 ana akiba ya kutosha. Mwenye mikroni 460 na dioptri 8 hana: 460 toa 110, toa 96, yabaki 254. Huyo hata mara ya kwanza ni hatari, na ya pili haipo. Kwa hiyo akiba ya konea haifai kutumiwa kabla ya wakati, kama vile mkulima asivyokula mbegu.

Lakini kuna neno jingine katika barua, ambalo baba aliliandika pembeni kama jambo dogo, nasi tulilisoma mara mbili. Asema kwamba kijana, «tangu utoto macho yake huwasha, hasa wakati wa kiangazi, naye huyasugua kwa ngumi mpaka yawe mekundu.» Sisi tulio walimu twawaona watoto kama hao kila mwaka, wameketi wakisugua macho, ngozi ya kope imekuwa nyeusi, na tumezoea kusema ni vumbi. Mara nyingi ni ugonjwa wa mwasho wa macho ambao ni wa kawaida sana kwa watoto wa Afrika. Wengi hupona wanapokuwa watu wazima. Hata hivyo kusugua macho miaka mingi huandamana na ugonjwa mwingine uitwao keratokonasi: konea hupungua unene na kuvimba mbele kama ncha ya yai. Ugonjwa huo huanza mara nyingi katika miaka ya ujana, polepole, tena mwanzoni hufanana kabisa na kutoona mbali kwa kawaida. Fundi hubadilisha miwani tu kila mwaka. Kuichonga konea ya namna hiyo ni kuvunja nguzo ya nyumba iliyokwisha kuinama. Jicho laweza kuharibika hata miwani isifae tena, na wengine wamehitaji kushonewa konea ya mtu aliyekufa.

Hatusemi kwamba kijana ana keratokonasi. Sisi si waganga, wala hatujamwona. Twasema kwamba mtu anayesugua macho na ambaye kipimo chake chabadilika kila mwaka, hafai kuguswa na leza mpaka mganga ametengeneza ramani ya konea zake, na kuirudia tena baada ya muda. Mashine ya kuchora ramani hiyo haiumizi. Mtu huweka kidevu mahali pake na kutazama duara zenye nuru. Ni sababu ya pili ya kungojea, na kwa fikira yetu ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Kwenye miaka 17 ubaya huu waweza kuwamo na usionekane bado. Kwenye miaka 24 au 25, kama upo, mara nyingi umekwisha kujionyesha.

Sasa twaliona jambo la safari kwa namna nyingine. Bahati ya mjomba haina haja ya kutupwa. Kijana aende, kama viza na njia vyapatikana. Lakini fedha ya mjomba ilipe uchunguzi mzuri: ramani ya konea, unene wake, presha ya jicho, na retina kutazamwa yote baada ya kutia matone ya kuipanua mboni. Ilipe dawa ya kutuliza mwasho, na miwani mbili nzuri, moja ya kuvaa na moja ya akiba. Kama keratokonasi itaonekana, hapo safari itakuwa ya faida kubwa kuliko walivyowaza, maana kuna matibabu ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga maalumu, ambayo Wajerumani wa Dresden waliyaanzisha mwishoni mwa miaka ya 1990. Hayarudishi macho yalivyokuwa, lakini huuzuia ubaya usiendelee, na yafaa yafanywe mapema. Kama konea ni njema, karatasi za mwaka huu zitakuwa msingi wa kulinganisha na za miaka ijayo.

Na fedha iliyobaki? Mjomba aiweke. Twajua ugumu wa neno hili. Katika jamaa zetu, mkono ulionyoshwa na usipokewe huleta uchungu, na shemeji aweza kudhani kwamba amedharauliwa. Ndiyo sababu haifai kumjibu kwa simu ya haraka wala kwa kinywa cha kijana. Baba na mama wamwandikie wote wawili, wamwambie kwamba mkono wake wameupokea, kwamba ni kwa ajili ya mtoto huyu huyu na kwa kazi hii hii, lakini jicho la mtoto halijasimama, na karatasi hizi hapa zaonyesha. Nao wamwomba alishike neno lake mpaka kijana awe na miaka 22 au 23 na karatasi mbili zinazofuatana zipatane. Mjomba anayempenda mpwa wake hawezi kukasirika kwa hesabu. Hata mganga wa huko Ubelgiji, kama ni mtu wa haki, atasema yale yale baada ya kuziona karatasi. Na kama kuna kliniki ambayo haiulizi karatasi za miaka iliyopita, bali yauliza kwanza namna ya malipo, afadhali waiache.

Mtu atasema: «Kijana anaona haya kuvaa miwani, wenziwe wamcheka.» Twalijua jambo hilo kwa kazi yetu. Wapo wanafunzi ambao huiacha miwani mfukoni, wakaandika kwa kumtazama jirani, kisha wakaitwa wajinga. Wazazi wengine nao huzidisha shida kwa kusema kwamba miwani hulegeza macho. Si kweli. Mtoto mwenye miwani isiyotosha haendi polepole kwa ajili hiyo, tena huenda akaharibikiwa zaidi. Kinachosaidia kidogo, hasa kwa wadogo zake ambao macho yao hayajaanza kutembea, ni kucheza nje katika mwanga wa mchana. Uchunguzi wa shule za Guangzhou, China, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba watoto walioongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule walipata kutoona mbali kwa uchache kuliko wenzao. Huko mjini, ambako watoto hufungiwa ndani na simu mkononi, si neno la kupuuza.

Na kwa kuwa wasomaji wetu wana mabinti, tuongeze kidogo. Hata binti aliyefikia umri, na ambaye jicho lake limesimama, hachongwi wakati wa mimba wala wa kunyonyesha. Mwili hubadilika siku hizo, na konea hubadilika pamoja nao, hata kipimo chaweza kuongopa. Waganga hutaka angojee miezi kadhaa baada ya kumwachisha mtoto. Vilevile mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake yapanda na kushuka, mwenye magonjwa ya kinga ya mwili kama yale ya viungo, na mwenye macho makavu sana, hao wote lazima waseme habari zao zote, wasifiche. Mwenye kupigana ndondi au judo aseme pia, maana ule mlango wa konea waweza kufunuka kwa pigo. Kwake njia ya kuchonga juu juu bila mlango yafaa zaidi, ingawa huuma siku chache na huchelewa kupona. Na mwenye kuvaa lenzi machoni aziondoe kabla ya kupimwa, zile laini juma moja au mawili, zile ngumu majuma kadhaa, kwa sababu zinaikandamiza konea.

Tena afikiri habari ya kurudi. Baada ya kuchongwa, mganga humwona mtu siku ya kesho yake, baada ya juma, baada ya mwezi, na mara nyingine tena. Kuna matone ya dawa kwa majuma kadhaa, na mengine, yakitumiwa ovyo, hupandisha presha ya jicho. Macho hukauka, mara nyingi kwa miezi. Usiku taa za magari huonekana na duara pembezoni. Kuna jua kali la kwetu, na njia ya kuchonga juu juu yataka miwani ya giza kwa miezi. Mwenye kufanyiwa kazi hii Liège, Nairobi au Johannesburg na kupanda ndege baada ya siku tatu, lazima kwanza ajue ni mganga gani wa hapa kwetu atakayempokea.

Twaja kwa mama. Wengi wataona ajabu: kwa hesabu ya umri yeye ndiye anayefaa kuliko wote. Ana miaka 46, na baba aandika kwamba miwani yake ni ya dioptri 2 na nusu na haikubadilishwa nguvu tangu zamani. Jicho lake limesimama. Hana mimba wala kisukari. Mganga angeweza kumkubali. Lakini baba ameandika pia kwamba mama ni mshonaji, na kwamba «apitishapo uzi katika sindano huipandisha miwani juu ya kipaji.»

Hapo ndipo penye kisa chake. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, iko lenzi ambayo kwa kijana ni laini. Hujikunja ili kuona karibu na kujinyosha ili kuona mbali. Kadiri ya miaka lenzi hukauka. Karibu na miaka 40 au 45 haiwezi tena kujikunja vema, na kila mtu, hata yule aliyejisifu kwa macho yake, huanza kulisogeza gazeti mbali. Lakini mwenye dioptri 2 na nusu za kutoona mbali, akiiondoa miwani, jicho lake bila kufanya kazi yoyote laona wazi kwenye sentimita 40. Huo ndio umbali wa sindano! Kasoro ya mama imekuwa chombo chake cha kazi. Leza ikiichonga konea yake aone mbali wazi, siku ile ile atapoteza sentimita 40 zake. Ataiona mlingoti mpaka mwisho wa barabara, na uzi hautaingia tena tunduni bila miwani ya kusomea. Atakuwa amebadilisha miwani moja kwa nyingine, na kwa mshonaji ni biashara ya hasara.

Wapo waganga wachongao jicho moja la kuonea mbali na kuliacha jingine la kuonea karibu. Wengine huzoea vema. Wengine huona kizunguzungu na hawawezi kupima ngazi. Yampasa mama ajaribu kwanza namna hiyo kwa lenzi ya kuvaa katika jicho moja, majuma kadhaa, akiwa mbele ya cherehani yake. Sisi, kama angetuuliza, tungemwambia abaki na kipaji chake, akatengeneze miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini.

Na mzee? Kwake neno ni fupi, nalo ni jema. Ukungu wa mtu wa miaka 70 mara nyingi ni mtoto wa jicho: ile lenzi ya ndani imechafuka. Kuichonga konea mbele yake ni kusafisha dirisha wakati pazia limeshushwa ndani. Dawa yake ni kuitoa lenzi na kutia nyingine ya bandia, kazi ambayo mganga Harold Ridley aliianza London mwaka 1949, na ambayo hufanywa katika hospitali za Kongo pia. Haingoji Ubelgiji. Umri haumkatazi; hata mtu wa miaka 85 hufanyiwa. Lakini apelekwe upesi, kwa sababu ukungu waweza kuwa glakoma, ambayo hula mshipa wa jicho kimya kimya, nayo huwapata watu wa asili ya Afrika mara nyingi zaidi na mapema zaidi. Au waweza kuwa kovu la ugonjwa wa mtoni kama amekaa karibu na mito yenye vile visubi viumavyo. Hayo mawili mtoto wa jicho hayafanani nayo, na leza ya konea haina kazi kwa lolote kati yao. Baba alimweka mzee mwisho katika barua. Sisi tungemtanguliza hospitali juma hili.

Glakoma hiyo yaturudisha kwa kijana, na kwa zile karatasi. Siku atakapochongwa, kama atachongwa, konea yake itakuwa nyembamba, na mashine ya kupima presha ya jicho itaanza kusoma chini kuliko kweli. Mganga asiyejua habari aweza kumwambia kwamba presha yake ni njema, kumbe imepanda. Na akiwa mzee kama babu yake, naye akapata mtoto wa jicho, mganga atakayeichagua lenzi ya bandia atahitaji kujua konea ilikuwaje kabla ya kuchongwa, la sivyo hesabu yake yaweza kukosea. Kwa hiyo kijana aombe nakala za vipimo vyote vya kabla: unene wa konea, ramani yake, presha, dioptri za kila jicho, na jina la njia iliyotumika. Zisibaki ndani ya simu tu. Ziwekwe pamoja na karatasi hizi tatu za fundi katika bahasha moja ya nailoni, na bahasha hiyo ikae katika sanduku la mama, mahali pasipofika mvua wala panya.